Sungura Namba 4 na Kilo 47 za Baba

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimedisko, wengine mkasema labda bumu limeingia nimewasahau. Hamna lolote. Niko hapahapa, ila mwezi mzima huu maisha yangu yamekuwa ni sungura sita, chupa za mkojo, na harufu ambayo haitoki mikononi hata ukiosha kwa sabuni ya unga. Leo chumba kimetulia, jamaa yangu kaenda kuangalia mpira, basi ngoja niwasimulie. Ni stori ya shule kidogo na ya nyumbani kidogo. Nilijaribu kuandika moja niache nyingine, ikashindikana.

Kwa wasiojua, sisi wa sayansi ya wanyama mwaka wa mwisho kila mtu anafanya mradi wake. Mimi nilichukua sungura, nikawa nawapa chakula kilichochanganywa na majani ya mlonge yaliyokaushwa na kusagwa. Swali langu lilikuwa jepesi tu: je, protini ya mlonge inamfaa sungura? Njia ya kupima ni ya zamani, inaitwa mizani ya nitrojeni. Protini ina nitrojeni, karibu gramu 16 kwa kila gramu 100, ndo maana ukipata nitrojeni unazidisha kwa 6.25 unapata protini. Unapima nitrojeni iliyoingia kwenye chakula, unapima iliyotoka kwenye kinyesi na mkojo, unatoa. Kilichobaki kimekaa mwilini. Basi.

Kwenye karatasi ni hivyo. Kwenye banda ni kuamka saa 11 alfajiri, kupima makombo ya chakula, kuchagua manyoya kwenye mavi, kutia asidi kidogo kwenye chupa ya mkojo ili amonia isikimbilie hewani, halafu kwenda maabara kuchemsha sampuli kwenye asidi kali ya salfa kwa njia aliyoibuni Kjeldahl kule Copenhagen mwaka 1883. Na sungura naye ana mambo yake. Anakula mavi yake mwenyewe, yale laini ya usiku, anayachukua moja kwa moja yakitoka. Siyo uchafu, ndo anavyojipatia protini iliyotengenezwa na vijidudu vya utumbo wake. Nilipowaambia watu wa chumbani wakakataa kula mishikaki ya sungura mpaka leo.

Sasa sungura namba 4. Dume zima, limeshakomaa, kilo 2.6 siku ya kwanza, kilo 2.6 siku ya mwisho. Kwa siku iliingia nitrojeni gramu 2.3, ikatoka gramu 1.0 kwenye kinyesi na gramu 1.3 kwenye mkojo. Jumlisha mwenyewe. Sifuri! Mimi kwa kujiamini kabisa nikaandika kwenye rasimu: "Mwili wa sungura namba 4 haukuwa unajenga protini yoyote katika kipindi cha jaribio." Nikampelekea Dokta wangu anayenisimamia. Karatasi ikarudi ile sentensi imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni maneno mawili tu: "Una uhakika?"

Nikajua nimeharibu ila sikujua wapi. Nikamfuata. Akaniuliza, hosteli yenu ina vitanda vingapi? Nikamtajia. Usiku mlinzi akihesabu watu leo na akihesabu wiki ijayo akapata idadi ileile, utasema hakuna mtu aliyeingia wala kutoka? Nikacheka, maana si mnajua wenyewe jinsi tunavyobebana. Idadi haibadiliki lakini sura zinabadilika kila siku, huyu kahamia kwa rafiki yake, yule kaleta mdogo wake kutoka mkoani. Akasema basi nenda kasome, wiki ijayo utatoa semina: namna ya kupima ujenzi wa protini kwenye mwili mzima wa mnyama kwa kutumia aisotopu. Nikatoka pale nimenywea, kwa kweli.

Wakati huohuo nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Baba alikuwa amegundulika na TB ya mapafu. Baba yangu ni fundi cherehani, mwembamba tangu zamani lakini alikuwa na kilo 61, na siku aliyoanza dawa walimpima kilo 47. Mdogo wangu wa kike ndo alinihadithia kwamba baba amepunguza kiuno cha suruali zake mara tatu, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amekaa kitandani. Wiki ya sita ya dawa akapimwa tena. 47. Hapo ndo shangazi alipoanza maneno.

Shangazi yangu ni mtu mzuri, ieleweke. Lakini ni dada mkubwa wa baba, na dada mkubwa akiona kaka yake anakauka lazima atafute mkono unaomkausha. Akaanza kuja nyumbani na kuku wake, anampika mwenyewe, anakaa kwenye kigoda mbele ya baba mpaka amalize. Hajamwambia mama neno. Ila kwenye kile kigoda ujumbe umekaa: wewe humlishi kaka yangu. Mama naye hajasema neno. Mama ambaye ameuza khanga zake mbili za doti akanunua maziwa ya kutia kwenye uji wa ulezi. Haya yote nayajua kwa mdogo wangu, kwa simu, mimi nimekaa nje ya banda na chupa ya mkojo mkononi.

Basi nikaingia maktaba kupiga msuli kwa ajili ya semina, na nawaambia ukweli, siku mbili za kwanza nilikuwa nasoma nisahau. Ya tatu nikakutana na panya wa Schoenheimer, nikakaa vizuri.

Rudolf Schoenheimer alikuwa mkemia aliyetoka Ujerumani mwaka 1933 akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Pale alimkuta Harold Urey, yule aliyegundua haidrojeni nzito na kupata Nobeli mwaka 1934, ambaye baadaye akawa anatenganisha pia nitrojeni nzito. Nitrojeni ya kawaida uzito wake ni 14. Nzito ni 15. Kwa asili, katika atomu 1,000 za nitrojeni unapata tatu au nne tu zilizo nzito, na hazitoi mionzi yoyote, zinakaa kimya zao. Mwili hauzibagui. Ila mashine inayopima uzito wa atomu inazitambua. Kwa hiyo ukichukua asidi amino, yale matofali ya protini, ukaitia nitrojeni nzito, umepata tofali lenye alama. Mpe mnyama ale halafu ulitafute limeishia wapi.

Kabla ya hapo wataalamu wengi waliona mwili wa mnyama mzima kama injini. Injini imeshaundwa, chakula ni mafuta, kinachochakaa ni kidogo sana. Otto Folin mwaka 1905 aligawa kabisa: kuna nitrojeni inayotoka kwenye chakula na kuna ile kidogo inayotoka kwenye uchakavu wa mwili, mbili tofauti. Hiyo ndo ilikuwa akili yangu pia kuhusu sungura namba 4, miaka zaidi ya mia baadaye, aibu.

Schoenheimer na wenzake, David Rittenberg na Sarah Ratner, wakachukua panya wakubwa wasiokua tena, uzito wao umesimama kama wa sungura wangu. Wakawapa leusini yenye nitrojeni nzito kwa siku tatu. Kama mwili ni injini, karibu alama yote ingetoka kwenye mkojo. Haikutoka. Chini ya theluthi ndo ilionekana kwenye mkojo, na zaidi ya nusu wakaikuta ndani ya protini za panya wenyewe. Tena siyo kwenye leusini peke yake, ile nitrojeni ilikuwa imehamia hadi kwenye asidi amino nyingine. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1939. Panya ambaye kwenye mizani hafanyi kitu, kumbe ndani anavunjwa na kujengwa usiku na mchana. Schoenheimer alijiua mwaka 1941, akiwa na miaka 43. Kitabu chake kuhusu mwili usiotulia kilitolewa na wenzake mwaka 1942. Sikuitegemea hiyo kwenye maandalizi ya semina, nikafunga laptopu nikaenda kunywa chai.

Sasa ngoja nieleze kipimo chenyewe, maana hapo ndo utamu ulipo. Na hapo ndo niliwapoteza wenzangu kwenye semina, kwa hiyo hapa nitaeleza kwa namna niliyotamani ningeeleza siku ile.

Chukua mgahawa wetu saa saba mchana. Umejaa, na muda wote unaonekana umejaa vilevile. Unataka kujua kwa dakika wanaingia watu wangapi, lakini huruhusiwi kusimama mlangoni. Unafanyaje? Unatafuta watu wako, unawavisha kofia nyekundu, unawaingiza watano kila dakika, bila kukosa. Mwanzoni wekundu ni wachache, wanaongezeka, halafu wanafika mahali hawaongezeki tena kwa sababu wanatoka kwa kasi ileile wanayoingia. Ukichungulia dirishani ukaona katika kila watu 20 mmoja ana kofia nyekundu, umemaliza kazi. Watano wako ni moja ya ishirini ya wote, basi wanaoingia kwa dakika ni 100. Watano ni wako, 95 wamekuja wenyewe. Umehesabu bila kugusa mlango.

Mgahawa ni damu. Watu ni leusini. Kofia nyekundu ni leusini yenye kaboni nzito, kaboni 13, ambayo unaidondosha kwenye mshipa wa mnyama kwa pampu ndogo, polepole, kwa saa kadhaa. Unachukua matone ya damu, unapima katika leusini yote iliyomo ngapi ina alama. Kadiri alama inavyozimuliwa, ndivyo mtiririko ulivyo mkubwa.

Leusini inaingia kwenye damu kwa milango miwili: ama imetoka kwenye chakula, ama imetoka kwenye protini ya mwili iliyovunjwa. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, ndo maana ikachaguliwa. Na inatoka kwa milango miwili vilevile: ama inakwenda kujenga protini mpya, ama inachomwa. Mnyama akiwa hajala tangu jana, mlango wa chakula umefungwa, kwa hiyo wale 95 wote wametoka kwenye mwili wake unaovunjwa. Na wanaochomwa? Hapa kuna ujanja mmoja niliupenda sana. Ile kaboni yenye alama imewekwa kwenye nafasi ya kwanza ya leusini, na leusini ikianza kuchomwa, kaboni hiyo ndo inang'oka mapema na kutoka na pumzi kama kaboni dayoksaidi. Unampumulisha mnyama kwenye mfuko au unamweka kwenye kisanduku cha hewa, unapima (na unasahihisha, maana sehemu ya hewa hiyo hubaki mwilini). Tuseme pumzi inakuambia 20 wamechomwa. Basi 100 toa 20, wamebaki 80. Hao ndo wameingia kwenye ujenzi. Vimevunjwa 95, vimejengwa 80. Kwa hesabu kama yangu ya chupa ungeona hasara ya 15 tu, ungedhani mnyama katulia, kumbe ndani kuna soko la Kariakoo.

Njia ya zamani zaidi haihitaji hata sindano. Unampa mnyama glaisini yenye nitrojeni nzito, unakusanya mkojo, unaangalia ni sehemu gani ya alama imetoka kama urea. Ukichukulia kwamba nitrojeni nyingine zote za mwili zinagawanyika kama ile yenye alama, unapata mtiririko wote kwa kugawanya tu. Niliposoma hiyo nikaziangalia chupa zangu za mkojo kwa jicho lingine kabisa. Kilichokuwa kinakosekana ni chembe kidogo cha unga mzito na mashine ya kuupima. Kidogo lakini bei yake siyo kidogo! Na ile "ukichukulia kwamba" nayo ina matatizo yake, kwa sababu glaisini ina safari zake binafsi mwilini, na ukitumia asidi amino tofauti unapata namba tofauti. Waliozianzisha njia hizi wenyewe hawakuficha.

Jambo lingine lililonifurahisha: mahindi. Kaboni nzito ni kama atomu 11 katika kila 1,000 za kaboni, lakini mahindi na mtama na miwa wanayo kidogo zaidi kuliko mpunga au ngano, kwa jinsi wanavyovuta hewa. Kwa hiyo mla ugali anapumua kaboni nzito zaidi kidogo kuliko mla wali. Hapo hapo bila kupewa dawa yoyote. Ukianza jaribio mnyama anakula pumba za mahindi, katikati ukambadilishia pumba za ngano, mashine itakudanganya. Ndo maana lazima uchukue pumzi ya kabla, na chakula kisibadilike. Mimi mla ugali sugu nilijisikia kama niko kwenye jaribio tangu nizaliwe.

Kuna njia ya kujua kila kiungo kinajenga kiasi gani, ambayo Peter Garlick na wenzake waliieleza mwaka 1980: unampa panya feniloalanini nyingi mno kwa mara moja, yenye alama, baada ya dakika 10 unamuua na kugandisha viungo vyake kwenye nitrojeni ya maji. Inaonyesha vizuri kwamba ini na ukuta wa utumbo ni vidogo lakini vinajenga kwa kasi, na misuli ni mikubwa lakini polepole. Sitasema mengi. Nilipofika hapo nilimfikiria namba 4, nikashukuru kwamba mradi wangu ni wa mkojo.

Ila swali linakuja, sasa mtoto je? Mtoto mgonjwa huwezi kumuua upime ini lake. Huyu ndo alikuwa tatizo la John Waterlow, daktari Mwingereza aliyeanzisha kituo cha utafiti kule Jamaika miaka ya 1950, kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali. Mwaka 1969 Picou na Taylor-Roberts, kwenye kituo hichohicho, walichapisha kazi yao ya kuwadondoshea watoto wachanga glaisini nzito kwa mpira mwembamba wa puani na kukusanya mkojo. Mkojo tu, wadau. Baadaye ikaonekana kwamba mtoto aliyedhoofu kwa njaa anapunguza vyote viwili, kujenga na kuvunja. Mwili unabana matumizi, kama sisi bumu likichelewa. Akianza kupona na kunenepa, ujenzi unapanda sana.

Nilisoma hiyo usiku, saa sita imepita. Nikajiuliza, na baba je? Baba hajanyimwa chakula. Anakula.

Nikaanza kutafuta nikiwa nimeshaiacha semina kabisa. Nikapata utafiti wa mwaka 1998, wa Macallan na wenzake, uliotumia leusini ileile ya kaboni nzito kwa watu wenye TB ya mapafu. Waliwalinganisha na watu wenye afya, na pia na watu waliokonda bila TB. Walipolishwa, wale wa TB walitumia sehemu ndogo zaidi ya protini ya chakula kujengea mwili, na sehemu kubwa zaidi waliichoma. Kuwazidi hata wale waliokonda tu. Yaani chakula kinaingia, kinafika kwenye damu, halafu mlango wa ujenzi umebanwa na mlango wa moto uko wazi. Tena ugonjwa wa maambukizi unalilazimisha ini litengeneze protini za vita, na malighafi zinatolewa kwenye misuli. Hiyo namba ya mwili mzima haikuonyeshi. Ini linajenga, paja linabomolewa, mwisho unapewa jumla moja.

Nilikaa nimeishika simu muda mrefu. Sijampima baba, wala hakuna aliyempima kwa leusini, na utafiti wa kundi la watu siyo cheti cha mtu mmoja. Hilo nalijua na Dokta angeniwekea wino mwekundu. Lakini namjua mama yangu.

Asubuhi nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Unasoma?"

"Nasoma shangazi. Nimesikia unakuja kumwangalia baba, asante sana."

"Nakuja. Nisipokuja mimi nani atamlisha?"

Nikaanza kumweleza. Nilianza vibaya, nikataja mtiririko, nikataja leusini, nikataja na mgahawa wetu ambao hajawahi kuuona. Akanikata: "Mwanangu, mimi sikusoma huko. Niambie kitu kimoja tu. Chakula kinakwenda wapi?"

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamwambia: shangazi, unakumbuka kibanda cha baba pale stendi? Sasa wewe fikiria mwili wa mtu ni kibanda ambacho kila siku nguo zote za zamani zinafumuliwa kidogo, na kila siku zinashonwa upya. Mtu mzima wa kilo 70 anashona kama gramu 300 za protini kwa siku, na anazokula hazifiki nusu ya hizo, nyingine ni vitambaa vilevile vya jana. Akiwa mzima, kufumua na kushona vinalingana, unaona mtu hakondi wala hanenepi. TB ikiingia imeleta fundi mkorofi. Anafumua kwa fujo, na vitambaa vipya unavyoleta anavitupa kwenye jiko la mkaa. Mama analeta vitambaa. Na wewe unaleta. Vyote vinafika.

"Kwa hiyo kuku wangu anachomwa moto?"

"Sehemu yake, shangazi. Na uji wa mama pia sehemu yake. Siyo kwamba hali."

Kimya. Nikasikia kuku kwa nyuma, wale wazima.

"Na huyo fundi mkorofi anatoka lini?"

"Dawa ndo zinamtoa. Ni miezi sita, hajafika hata miwili. Kutoka 47 kubaki 47 siyo kwamba hakuna kinachofanyika. Alikuwa anashuka, sasa hashuki."

"Sawa," akasema. Halafu: "Lakini kuku nitaleta."

Nikamwambia alete tu, chakula bado kinahitajika sana, ila ampe mama ampike. Hapo akaguna. Sijui mguno ule ulikuwa wa ndiyo au wa nini, salio likaisha.

Semina yenyewe ilikwenda hivyohivyo. Nilitetemeka mwanzoni, slaidi ya tatu ikagoma, mtu wa nyuma akauliza kama sungura wangu wanapumua kaboni ya ugali, watu wakacheka. Dokta akaniuliza swali moja: kwa nini mwili usumbuke kuvunja na kujenga kama mwisho wake ni sifuri, wakati kazi hiyo inakula kama asilimia 15 hadi 20 ya nishati ya mwili uliopumzika? Nikajibu kwamba protini zinaharibika, na kwamba mwili unaobadilika kila wakati unaweza kugeuka haraka hali ikibadilika, ukiugua, ukikosa chakula. Akatikisa kichwa, hakusema nimepata wala nimekosa. Mnamjua.

Ile sentensi nimeifuta. Sasa rasimu inasema: "Mizani ya nitrojeni ya sungura namba 4 ilikuwa sifuri, kipimo hiki hakionyeshi kiasi cha protini kilichojengwa wala kilichovunjwa." Ndefu, haina mbwembwe, ila siwezi kuiongezea kitu kwa chupa nilizonazo.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi ya baba yalipimwa, hayana wadudu. Juzi mwezi wa tatu kapimwa uzito, kilo 49. Mdogo wangu anasema shangazi alikuja Jumapili na kuku, akamkabidhi mama mlangoni, halafu akaenda kukaa na baba chumbani. Kigoda kilikuwepo lakini alikaa kitandani. Nimemuuliza mama kwa simu wanaendeleaje na wifi yake, akasema "tupo," akabadilisha mada, akauliza kama bumu limetoka.

Halijatoka, jamani. Na kesho saa 11 alfajiri nina chupa sita zinanisubiri, kundi la pili limeanza, na namba 4 bado yumo.